Kifungua kinywa cha bufee safarini Gold Coast: kinalipa au hakilipi?



Likizo za shule zikikaribia hapa Quakers Hill na vitongoji jirani vya Marayong, Acacia Gardens na Schofields, mazungumzo ya wazazi huwa ni yale yale. Watoto wamesikia kwa wenzao darasani habari za Gold Coast, na sasa nyumbani hakukaliki mpaka baba na mama watamke tarehe ya safari. Basi tiketi zinatafutwa, hoteli inatafutwa, na mwisho kabisa, kabla hujalipa, unaulizwa swali dogo: unataka chumba kitupu, au chumba pamoja na kifungua kinywa cha bufee?

Wengi wetu tunajibu ndiyo bila kufikiri. Ukiwa na watoto wenye njaa, neno "kula kadiri upendavyo" linasikika kama zawadi. Lakini sahani ile ya asubuhi ndiyo inayoamua mambo matatu makubwa ya siku nzima: mtoto atastahimilije jua na foleni, mama mzazi mwenye kisukari aliyekuja kuwatembelea atarudi chumbani salama au la, na mfuko wenu utabaki na kitu siku ya mwisho au hautabaki. Ndiyo maana leo tumeona tulizungumzie kama jambo la afya.

Jibu kwa kifupi ni hili: bufee inalipa pale tu inapochukua nafasi ya mlo mwingine. Ikiwa ni mlo wa nyongeza juu ya milo yenu ya kawaida, mmelipa mara mbili, mara ya kwanza kwa mfuko na mara ya pili kwa mwili. Yanayofuata hapa chini ni maelezo ya jinsi ya kujua familia yako iko upande gani.

Kwa nini sisi wa magharibi ya Sydney tunalazimika kulala hotelini

Wenyeji wa siku nyingi watakumbuka kwamba zamani swali hili halikuwepo. Bustani kubwa ya burudani ya Wonderland ilikuwa hapa hapa Eastern Creek, ikafunguliwa mwaka 1985 na kufungwa mwaka 2004. Mtu wa Quakers Hill alikunywa chai kwake, akapakia watoto kwenye gari, na muda si mrefu yuko getini. Hata leo, ukienda bustani ya maji ya Prospect iliyofunguliwa Desemba 2013, au Luna Park iliyoko Milsons Point tangu mwaka 1935, unatoka nyumbani umeshiba na jioni unarudi kulala kitandani kwako.

Lakini bustani kubwa zinazotajwa na watoto ziko Queensland: Dreamworld pale Coomera, Movie World na Wet'n'Wild pale Oxenford, na Sea World kule Main Beach. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 800. Kwa gari, unashika M7 na M2, unapita chini kwenye handaki la NorthConnex, kisha M1 kuelekea kaskazini, na unapaswa kuhesabu kama saa tisa za kuendesha kabla ya kuongeza mapumziko. Hakuna wa kwenda na kurudi siku moja. Lazima ulale siku tatu au nne, na kila siku ina asubuhi yake.

Hesabu ya kwanza: mfuko

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za mfano tu, wewe weka zile ulizoambiwa na hoteli yako. Tuseme bufee ni dola 35 kwa mtu mzima na dola 17 kwa mtoto. Familia ina baba, mama, bibi na watoto wawili. Watu wazima watatu ni dola 105, watoto wawili ni dola 34, jumla dola 139 kwa asubuhi moja. Kwa asubuhi nne ni dola 556.

Sasa linganisha na supamaketi. Mkate wa ngano nzima, trei ya mayai, maziwa, uji wa oti, ndizi, majani ya chai na kopo mbili za maharage kwa siku nne, tuseme zinakula dola 70. Tofauti ni dola 486. Hizo ni pesa za kuongeza siku moja ya burudani, au kumtumia mtu nyumbani ada ya shule.

Hapo utasema bufee imeshindwa. Subiri kwanza. Tuseme chakula ndani ya bustani ni dola 20 kwa kila mtu. Watu watano ni dola 100 kila mchana. Kama familia itakula bufee vizuri na kwa wakati unaofaa, kisha mchana ikatosheka na matunda na sandwichi mlizonunua dukani, basi zile dola 139 zimefuta dola 100. Gharama halisi ya bufee imebaki kama dola 39. Lakini kama mtakula bufee saa moja asubuhi, halafu saa saba mchana watoto wanalia njaa na mnanunua chipsi na soda kama kawaida, hamjafuta chochote. Mmelipa 139 na 100 pia.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza mapokezi maswali haya:

1. Watoto chini ya umri gani wanakula bure au kwa nusu bei?
2. Je, ninaweza kulipia asubuhi moja moja, au ni lazima nilipie siku zote?
3. Bufee inafunguliwa saa ngapi na kufungwa saa ngapi?
4. Chumba kina friji, birika la umeme, maikrowevu au jiko?

Swali la pili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Ukiweza kulipia asubuhi moja moja, huna haja ya kuamua ukiwa Quakers Hill. Jaribu siku moja, uone kama familia inafaidika.

Hesabu ya pili: saa

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Ushauri mwingi unaosomwa kuhusu bustani za burudani umeandikwa kwa ajili ya Florida, Marekani. Kule bustani za Disney hufunguliwa mapema na wageni wa hoteli zake huruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine, hivyo wataalamu wao wanasema usipoteze asubuhi kwenye bufee. Gold Coast ni tofauti. Bustani nyingi za kule hufungua karibu saa nne asubuhi. Hakikisha saa za siku yako, lakini kwa kawaida asubuhi unao muda wa kutosha wa kula ukiwa umekaa.

Kisha kuna jambo la majira. New South Wales husogeza saa mbele kuanzia Jumapili ya kwanza ya Oktoba mpaka Jumapili ya kwanza ya Aprili. Queensland haifanyi hivyo. Maana yake, likizo ya Desemba na Januari, hapa Quakers Hill ikiwa saa moja asubuhi, Gold Coast ni saa kumi na mbili. Mtoto aliyezoea kuamka saa kumi na mbili nyumbani, kule ataamka saa kumi na moja alfajiri na kudai chakula. Likizo ya Julai tofauti hii haipo.

Fikiria sasa: mtoto ameamka saa kumi na moja, mmekimbilia bufee inapofunguliwa tu saa kumi na mbili na nusu, amekula haraka haraka. Geti la bustani linafunguliwa saa nne. Anapoingia, chakula kina saa tatu na nusu tumboni na njaa imesharudi. Bufee imeliwa chumbani na kwenye gari, haikuliwa kwa ajili ya bustani.

Ratiba inayofanya kazi vizuri zaidi kwa watu wenye afya ya kawaida ni hii:

- Kuamka: maji, na ndizi moja au kikombe cha maziwa kwa watoto. Hiki ni kitulizo tu.
- Saa mbili na nusu: bufee, mkae, mle taratibu kama mlo kamili.
- Saa nne: getini. Anzeni na michezo ya taratibu, ile ya kurushwa na kugeuzwa kichwa chini isubiri. Tumbo lililojaa na treni ya kasi havipatani, na mtoto akitapika asubuhi atakuwa amepoteza chakula na maji pia.
- Katikati: maji kila mara, na tunda.
- Saa nane mchana: chakula chepesi, wakati foleni za chakula nyingi zimeanza kupungua.

Kwa ratiba hii bufee imekuwa milo miwili katika mmoja. Kama hoteli yenu inafunga bufee mapema sana, au mmepanga kutoka alfajiri, basi hesabu imevunjika na ni heri mle chumbani.

Hesabu ya tatu: sahani

Nchini Australia nguvu ya chakula hupimwa kwa kilojuli. Utaziona zimeandikwa kwenye mabango ya migahawa mikubwa, pamoja na maelezo kwamba mtu mzima wa wastani anahitaji kama kilojuli 8700 kwa siku. Tuangalie sahani mbili zinazotoka kwenye meza ile ile ya bufee. Namba ni za kukadiria.

Sahani ya kwanza: glasi ya juisi (450), mkate wa siagi wa Kifaransa wenye umbo la mwezi (1000), soseji mbili (1200), vipande viwili vya bekoni (600), kiazi cha kukaanga (600), pankeki mbili na sharubati (1200). Jumla inafika kilojuli 5000 hivi, zaidi ya nusu ya siku, na saa tatu asubuhi haijafika.

Sahani ya pili: mayai mawili (600), kipande cha mkate wa ngano nzima (400), nusu kikombe cha maharage (450), nyanya na uyoga (100), tunda (350), chai ya maziwa bila sukari (100). Jumla kama kilojuli 2000.

Jambo la kushangaza ni kwamba sahani ya pili ndiyo inayoweza kukufikisha mchana vizuri zaidi. Mayai na maharage yana protini, maharage na mkate wa ngano nzima yana nyuzinyuzi, na vyote hivyo hutoka tumboni polepole. Juisi, sharubati na mikate myeupe hugeuka sukari kwenye damu haraka, kisha sukari hiyo hushuka, na ndiyo maana mtoto aliyekula pankeki tatu anaweza kulalamika njaa kabla ya saa sita. Glasi moja ya juisi ya machungwa ina sukari kama vijiko vitano vya chai. Mpe chungwa lenyewe.

Kuhusu nyama za viwandani kama bekoni, soseji na hemu, Shirika la Afya Duniani kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani liliziweka mwaka 2015 kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hii haina maana kwamba kipande kimoja cha likizo kitakuua. Ina maana kwamba zisifanywe msingi wa sahani siku nne mfululizo, tena zina chumvi nyingi. Shirika hilo hilo linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha ile iliyojificha ndani ya vyakula.

Na tusijidanganye kwamba cha kwetu daima ni salama. Chapati tatu za kumimina mafuta na chai yenye vijiko vinne vya sukari si nafuu kuliko pankeki za hoteli. Uji wa ulezi, viazi vitamu, maharage, mbaazi, mayai na matunda ndivyo vya kujivunia.

"Lakini nimeshalipa!"

Hapa tuseme ukweli wenyewe kwa wenyewe. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kuacha chakula sahanini ni kukufuru. Wengine wamepitia kambi kama Kakuma au Nyarugusu, ambako mgao ulihesabiwa na hakuna aliyejua mwezi ujao utakuwaje. Mtu wa namna hiyo akisimama mbele ya meza ndefu iliyojaa vyakula, halafu akakumbuka kwamba ametoa dola 35, mkono wake hauwezi kuwa mwepesi. Anapakia, na akishapakia, anajilazimisha kumaliza. Halafu anawalazimisha watoto.

Ndugu yangu, pesa ya bufee imekwenda tangu ulipolipa. Sahani ya nne hairudishi hata senti moja. Kinachobaki mikononi mwako ni siku yenyewe: utaitembea ukiwa mwepesi, au utaitembea ukiwa umeshika tumbo na kutafuta choo. Heshima ya chakula inalindwa kwa kupakua kidogo, na kula kwa kulazimisha hakuilindi. Bufee inakuruhusu kurudi mezani, kwa hiyo fanya hivi:

- Zunguka meza nzima mara moja bila sahani, uone kilichopo.
- Chukua sahani ndogo. Weka mayai au maharage kwanza, mboga na matunda pili, vitamu mwisho.
- Kaa, kula, subiri kama dakika kumi na tano. Tumbo huchelewa kupeleka habari kichwani kwamba limeshiba.
- Mtoto achague kitu kimoja kitamu kwa asubuhi moja. Kesho atachagua kingine.
- Akisema ameshiba, mwache.

Mwenye kisukari na mwenye presha

Sehemu hii isomeni kwa makini, hasa mnaosafiri na wazazi waliokuja kutembea kutoka nyumbani. Kumbukeni kwamba mgeni mwenye viza ya matembezi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi au Kongo hana Medicare, kwani nchi hizo hazina makubaliano ya matibabu na Australia. Akilazwa, bili ni yenu, isipokuwa kama mmemkatia bima ya safari, na bima yenyewe muisome inasema nini kuhusu magonjwa aliyokuja nayo.

Hatari ya bufee kwa mwenye kisukari ina pande mbili. Upande wa kwanza unajulikana: juisi, pankeki, mikate na matunda ya kopo vikirundikana, sukari inapanda. Upande wa pili unasahaulika: sukari kushuka. Mtu anayetumia insulini, au vidonge vya aina ya gliclazide, amezoea kukaa nyumbani Quakers Hill na kutembea mpaka kituo cha treni. Gold Coast anatembea siku nzima kwenye joto, huku mlo ukicheleweshwa kwa sababu familia inasubiri bufee ya baadaye. Dawa inafanya kazi, chakula hakipo.

Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, njaa kali, hasira ya ghafla na kuchanganyikiwa. Tatizo ni kwamba kwenye bustani dalili hizo zinafanana na uchovu wa jua. Watoto watasema "bibi amechoka, tumkalishe kivulini", wakati bibi anahitaji sukari sasa hivi. Pima. Ikiwa chini ya 4.0, mpe gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vitatu vya chai vya sukari au asali, au nusu kopo ya soda ya kawaida, ile isiyo ya "bila sukari". Subiri dakika kumi na tano, pima tena, rudia kama bado iko chini. Ikishapanda, mpe kitu cha kumshikilia kama kipande cha mkate au tunda. Kama huna kipimo na dalili zipo, mpe sukari kwanza. Kama amepoteza fahamu au hawezi kumeza, usimtie chochote mdomoni, piga 000.

Kwa hiyo, mwenye kutumia dawa hizo asifuate ile ratiba ya bufee ya saa mbili na nusu mpaka azungumze na daktari au muuguzi wake wa kisukari kabla ya safari. Huenda kwake ni bora ale chumbani kwa wakati wake wa kawaida, na bufee asilipiwe kabisa. Hiyo ni dola 35 mmeokoa na mzazi amebaki na utaratibu wake. Insulini isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, wala isigusane na barafu moja kwa moja. Iwekwe kwenye mfuko wa ubaridi, imefungwa kwa kitambaa. Dawa hazipunguzwi wala haziachwi kwa sababu ni likizo.

Mwenye presha aangalie chumvi: bekoni, soseji, hemu, jibini, samaki wa moshi na maharage ya kopo. Achague mayai, mtindi, matunda na uji. Anayetumia vidonge vya kukojoza maji amuulize daktari wake kuhusu kunywa maji siku za joto kali, maana hapo mahitaji ya kila mtu hutofautiana. Na asome mabango ya onyo mbele ya michezo ya kasi, kwani wenye matatizo ya moyo, presha, mgongo na wajawazito huzuiwa.

Mjamzito, na wenye kula halali

Mjamzito na bufee hawapatani sana. Sababu ni bakteria wa listeria, ambaye anaweza kukua hata ndani ya friji na kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mamlaka ya chakula ya New South Wales inawashauri wajawazito waepuke saladi zilizokwisha kutengenezwa, nyama baridi zilizokatwa, jibini laini, samaki wa moshi na matikiti yaliyokwisha kukatwa. Si maneno ya kutisha tu. Mwaka 2018 matikiti ya rockmelon kutoka shamba moja la jimbo hili yalisababisha mlipuko wa listeria ulioua watu. Mjamzito achukue vya moto vilivyotoka jikoni sasa hivi, mayai yaliyoiva mpaka kiini, mkate wa kuokwa, na tunda zima analolimenya mwenyewe.

Kwa Waislamu, na wengine wasiokula nguruwe, ulizeni mapema. Bekoni na mayai mara nyingi hukaa jirani, koleo moja linahama huku na huku, na viazi vinaweza kukaangwa pamoja na nyama. Soseji hazisemi zimetengenezwa kwa nyama gani. Ukiona nusu ya meza haikuhusu, basi unalipa bei kamili kwa nusu ya chakula, na hesabu yako ya mfuko ibadilike kulingana na hilo. Vivyo hivyo kwa mwenye mzio wa karanga, mayai au maziwa.

Usalama wa meza

Sheria za chakula za Australia zinataka chakula cha moto kiwe nyuzi joto 60 au zaidi, na cha baridi kiwe 5 au chini. Kati ya hapo bakteria wanazaliana. Wewe huna kipimajoto, lakini una macho: mayai ya kuvuruga yafuke mvuke, mtindi na maziwa vikae kwenye barafu, matunda yaliyokatwa yafunikwe. Chakula vuguvugu kiache. Kuharisha chumbani watu watano wenye choo kimoja kutameza likizo yote.

Na ule mtindo wa kufunga soseji na mayai kwenye karatasi na kutia mkobani tuuache. Hoteli nyingi haziruhusu, tena kwenye joto la Queensland chakula hicho ni hatari. Kanuni inayotumika hapa nchini ni hii: kikikaa nje ya baridi chini ya saa mbili bado kinafaa, kati ya saa mbili na nne kiliwe hapo hapo, zaidi ya saa nne kitupwe. Ndizi au tufaha ukiomba, mara nyingi hawakatai.

Basi, lini uchukue na lini uache?

Chukua bufee kama watoto wako wanakula bure au kwa bei ndogo, kama ni vijana wenye hamu kubwa ya kula, kama chumba hakina friji wala birika, na kama inafunguliwa mpaka saa tatu au nne ili iwe milo miwili katika mmoja.

Iache kama watoto ni wadogo na wanakula vijiko vitatu wakatosheka, kama kuna mjamzito au mwenye kutumia insulini, kama nusu ya meza hamli, au kama mnatoka alfajiri.

Na iko njia ya kati ambayo tunaipendekeza kwa familia nyingi: tafuta chumba chenye jiko dogo, mle wenyewe asubuhi tatu, na mlipie bufee asubuhi moja tu, siku ile isiyo na bustani. Siku hiyo hakuna haraka, hakuna treni ya kasi, watoto wanaonja kila kitu, na bibi anakaa na familia mezani bila kukimbizwa. Hapo bufee ni sherehe, na sherehe ni ya siku moja.

Kabla hamjaondoka, andikeni namba hizi: dharura 000, mkiwa Queensland, ushauri wa muuguzi kwa simu 13 43 25 84, mkiwa hapa New South Wales, 1800 022 222, na mkalimani wa Kiswahili 131 450. Hali ikiwa ya dharura na Kiingereza kinampa mzazi taabu, waambie wa 000 mnahitaji mkalimani.

Maelezo haya ni elimu ya jumla na hayachukui nafasi ya daktari wako. Waliosoma na kuelewa wawasomee wazee wasioweza kusoma wenyewe. Tunawatakia safari njema, nanyi mrudi Quakers Hill salama.